Goti la Ngongoti

6 Februari

Mwanangu wa maabara,

Marahaba kabla hujasema, maana najua shikamoo yako itachelewa njiani kama kawaida yake.

Sisi hatujambo. Baba yako, huyo mdogo wangu, presha imeshuka lakini ubishi umepanda. Juzi alikuja kibandani kunifundisha kupaka gundi, mimi niliyeanza kushona viatu yeye bado anafungwa kamba za vyake. Nikamwacha afanye. Soli imegandia mezani mpaka leo, na kiatu kiko peke yake.

Utauliza kwa nini nisipige simu. Simu sitaki. Nikianza kulia unasikia, halafu unaanza kunibembeleza, na mimi nina maswali.

Basi sikiliza. Mwaka jana, baada ya ile ajali, walipotuita kwenye kile chumba cha viti vya plastiki, ulikuwepo na ulinishika bega. Nilikubali viungo vya Ngongoti vichukuliwe. Daktari aliniambia hata ndani ya goti lake kuna kitu kinachoweza kumsaidia mtu mwingine atembee, na kisipompata mtu kitasaidia masomo. Nikasema chukueni, mwanangu hakuwa mchoyo. Tangu siku hiyo nimekuwa nikitazama miguu ya watu barabarani kama kichaa.

Wiki iliyopita amekuja mteja, kinyozi mgeni aliyefungua kiduka mkabala na changu. Kaleta viatu vya kazi nibadilishe visigino. Nikageuza cha kushoto. Kisigino kimelika upande wa nje, kona ya nyuma, kwa mshazari. Mwanangu, nilikaa chini. Hicho ni kisigino cha Ngongoti. Nimekibadilisha tangu anaanza shule mpaka anakuwa fundi umeme wa taa za barabarani asiyehitaji ngazi.

Nikamuuliza kinyozi, mguu huu una nini? Akasema, "Mama, goti hili nimefanyiwa operesheni hospitali kuu. Nimewekewa kipande cha marehemu." Mwaka jana. Hospitali yenu hiyo hiyo.

Wewe ndiye unayeshinda na magoti. Niambie, goti linaweza kuhama na mwendo wa mwenyewe? Usiku sipati usingizi, na mchana sina akili. Jana nimemshonea mteja soli ya kulia kwenye kiatu cha kushoto.

Shangazi yako

25 Februari

Shikamoo Shangazi. Safari hii nimeitanguliza mbele kabisa isije ikachelewa.

Mimi mzima. Paa la chumba changu linavuja juu ya mto, kwa hiyo sasa nalala kichwa kikiwa kwenye miguu na miguu kwenye kichwa, na nimeshazoea. Mwambie Baba asiing'oe soli ya mezani, itakuwa kumbukumbu yake.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nimekaa nikaisoma tena. Nitajibu ninachokijua.

Ndani ya goti, kati ya mfupa wa paja na mfupa wa chini, kuna vipande viwili vya gegedu, kila kimoja kimepinda kama mwezi mchanga. Mfupa wa juu ni wa mviringo na wa chini ni kama sahani bapa. Vikikutana vitupu vinagusana mahali padogo sana, na uzito wote wa mtu unaangukia hapo. Vile vipande vinajaza pengo, na uzito unasambaa. Mtu akiondolewa kipande kwa sababu kimechanika, atatembea vizuri miaka kadhaa, kisha mifupa inaanza kusagana. Ndiyo maana baadhi yao wanapandikizwa kipande cha marehemu.

Lakini Shangazi, hakibebi mwendo. Mwendo unatoka kiunoni, kwenye unyayo, kichwani na kwenye mazoea. Hata mimi ukinipandikiza kipande cha mcheza mpira hodari, nitaendelea kutembea kama bata, kama alivyokuwa akinitania Ngongoti mwenyewe.

Nani kapewa cha nani, hatuambiwi, na wagonjwa hawaambiwi. Naweza kukueleza kitu kimoja tu. Kipande lazima kilingane na goti linalokipokea. Wanapima kwa picha ya eksirei. Kikiwa kikubwa kinasukumwa nje na hakibebi chochote. Kikiwa kidogo kinaelemewa na kuchanika. Kwa hiyo nikuulize swali dogo: huyo Kinyozi ana urefu gani?

Mwanao

14 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Baba yako amepata miwani mipya na sasa anaona vumbi kila mahali, anatuchosha. Mimi bega linauma kidogo kwa sababu ya nyundo, si jambo la kuandikiana.

Umenieleza vizuri kama mwalimu, na kama kwa mwalimu nimetoka sielewi kichwa wala miguu. Unasema hakibebi mwendo. Sawa. Lakini wewe unaona magoti yasiyo na watu, mimi naona viatu ambavyo watu wamevivaa, na kiatu hakijui kudanganya.

Kinyozi ni mtu mwema. Ananiita Mama. Ananyoa wazee bure siku za Jumatatu, na ukimsikia anavyowatania utacheka. Anakaa akitikisa mguu wa kushoto, kama nani? Usinijibu. Jumapili nilimkaribisha nyumbani. Alipofika kwenye mlango wa sebuleni, ule mfupi uliojengwa na marehemu babu yako bila kutumia kipimo, mdomo wangu ukanitoka, "Inama!" Unajua nilivyokuwa nikimpigia Ngongoti kelele kila siku, na kila siku anagonga kichwa. Kinyozi akacheka sana, akaniuliza, "Mama, niiname kwa lipi?" Na mimi nikacheka. Nilikuwa sijacheka tangu lini.

Anatafuta chumba. Alipopanga wanauza nyumba. Nimeamua nitampa chumba cha Ngongoti. Nitatoa vile viatu vyake chini ya kitanda, nitapaka rangi, na siku akihamia, mwezi wa sita mwishoni, nitamwambia: karibu nyumbani, unatembea na mwanangu.

Nataka uje siku hiyo. Na nataka uniambie unaniunga mkono, maana baba yako ananiangalia kama mtu aliyepungukiwa.

Shangazi yako

3 Juni

Shikamoo Shangazi,

Nisamehe kwa kuchelewa. Kazi ilikuwa nyingi. Hapana, nisiseme hivyo. Nilikuwa naanza barua na kuichana.

Natumaini bega limepoa. Hapa paa limezibwa, nimerudisha kichwa mahali pake, na sasa ndiyo silali kabisa.

Nikueleze kidogo kazi yetu, kwa sababu nadhani sikuwahi kukueleza. Tuna mashine inayobana goti kutoka juu, sawa na uzito wa mtu anayetembea. Katikati ya mifupa tunaweka karatasi nyembamba sana inayogeuka nyekundu inapobanwa. Goti likiwa zima, karatasi inatoka na rangi hafifu, pana. Ukiondoa kile kipande, inatoka na doa dogo lililoiva, kama damu. Halafu tunakipandikiza kipande na kubana tena ili kuona kama rangi itarudi ilivyokuwa.

Kipande kile kina ncha mbili, tunaziita pembe, zimeshika kwenye mfupa. Mtu akikanyaga, mifupa inakisukuma kitoke nje. Pembe zinakizuia, kinakaza pande zote kama mkanda kiunoni, na ni kule kukaza kunakobeba uzito. Pembe zikilegea, kipande kinatoroka pembeni. Kipo, unakiona, lakini hakisaidii kitu. Wengine wanazifunga pembe kwa uzi peke yake, wengine wanaziacha na kijisehemu cha mfupa wake na kukizamisha kwenye mfupa mpya. Majibu yetu hayakubaliani. Siku moja uzi unatosha, siku nyingine hautoshi. Mkuu wa maabara anasema tubane tena. Nimechanganyikiwa, Shangazi, na si kwa sababu ya uzi tu.

Naomba kitu kimoja. Usimwambie Kinyozi lolote kwanza. Chumba mpe ukitaka, ni chako. Lakini yale maneno usimwambie. Na hukunijibu urefu wake.

Mwanao

12 Juni

Wewe mtoto,

Salamu zimetosha, tumekwisha kusalimiana sana.

Nimesubiri tangu Machi naletewa hotuba ya mkanda na uzi. Nimeisoma kibandani mbele ya mteja, nimeirudia nyumbani, nimempa baba yako na miwani yake mipya. Amesema, "Huyu mtoto ana jambo." Mara moja maishani mwake hakubisha, na alikuwa sahihi.

Mimi ndiye niliyekulea miaka miwili mama yako alipokuwa masomoni. Nilijua umevunja kitu kabla sijakiona, kwa jinsi ulivyoanza kueleza habari za kitu kingine. Umenieleza mkanda. Nani kakuuliza mkanda?

Sijui nishike lipi. Asubuhi naamka nasema ni yeye. Mchana Kinyozi anapita upande wa pili wa barabara, namtazama, nasema pengine si yeye. Jioni anakuja kunisalimia nasema kwa nini isiwe yeye, inamgharimu nini Mungu? Rangi nimekwisha nunua. Mwezi ukiisha anahamia. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na wewe hujazaa, lakini huyo alikuwa binamu yako, mmelala kitanda kimoja mkipigana mateke.

Kama unajua kitu, sema. Kama hujui, sema hujui, ili niendelee na rangi yangu.

Shangazi yako

21 Juni

Shikamoo Shangazi,

Nimekaa karibu na dirisha, nimefunga mlango, na nitaandika moja kwa moja bila kuchana.

Kinyozi hana kipande cha Ngongoti. Hakuna mtu anayetembea nacho. Walitafuta, mkuu wa maabara ameniulizia. Kila mgonjwa aliyepimwa goti lake lilikuwa dogo, na kama nilivyokwambia, kikubwa hakiingii kwa mdogo. Kiliwekwa kwenye barafu kikiwa bado ndani ya goti, kikisubiri mtu mrefu mwenye shida hiyo hiyo, na mtu huyo hakutokea. Muda wake ulipokwisha, goti likaletwa kwetu, kwa yale masomo uliyoyakubali.

Lilikuja Aprili. Kwetu vitu havina majina. Nililifungua kama ninavyofungua mengine, nikaona kovu chini ya kilegesambwa, ile pia ya goti. Kovu la bati, Shangazi. Siku aliyoruka uzio wa mabati wa jirani akafuata mpira, mimi nikakimbia kukuita, ukamshika yeye huku unanigombeza mimi. Lile lile, limepinda mwishoni ambapo mganga wa zahanati alikosea mshono.

Nikamwambia mkuu wa maabara kwamba namfahamu. Alikuwa muungwana. Akasema nenda nyumbani, mwenzako atafanya. Nilifika mpaka kwenye ngazi. Nikafikiri, atashikwa na mtu anayesikiliza redio. Nikarudi, nikavaa glavu. Mpaka leo sijui kama nilifanya vizuri au vibaya. Kila siku najibu tofauti.

Tulikitoa kipande chake, tukapima, kisha tukakirudisha kwenye goti lake mwenyewe kama vile ni cha mtu mwingine, ili tulinganishe njia za kufunga zile pembe. Yaani alijipa mwenyewe. Mtoaji yeye na mpokeaji yeye. Niliandika hivyo kwenye fomu.

Nilipopata barua yako ya Machi sikujua bado. Nilipojua, nilishindwa kukuandikia. Ulikuwa umecheka, Shangazi. Uliandika kwamba umecheka, na mimi ndiye wa kuja kukizima kicheko hicho. Nikaona heri nikuandikie habari za mkanda.

Sitakuja mwisho wa mwezi usipotaka kuniona.

Mwanao

2 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Umeiweka mbele, nimeiona.

Baba yako yuko vizuri. Ile soli ameing'oa kwa kisu na ametoboa meza. Bega langu limepona. Mvua ya kwanza imenyesha na viatu vimeanza kuletwa vimefumuka midomo, kwa hiyo kazi ipo.

Sikukuandikia kwa sababu nilikuwa nimekukasirikia, na hasira yenyewe sikuipatia mahali pa kuiweka. Nilikukasirikia kwa kuniambia, kisha kwa kutoniambia mapema, kisha kwa kurudi pale kwenye ngazi. Kisha nikafikiri, je, kama ungeendelea kushuka? Hapo hasira ikanigeuka, nikalia kibandani mchana kweupe, na Kinyozi akavuka barabara na wembe mkononi, watu wakadhani ameniua.

Uliniuliza mara mbili urefu wake nikakaa kimya. Ananifika begani. Ndiyo. Anapita kwenye mlango wa babu yako akiwa na kofia. Nililiona jambo hilo siku ya kwanza kabisa aliyoingia kibandani, na uliponieleza habari za vipimo nililielewa vizuri sana, sikuwa nimechanganyikiwa hata kidogo. Nililifukia.

Na kile kisigino. Baada ya barua yako nilivigeuza viatu vyote vya rafuni. Nusu ya mtaa wanakula kisigino upande wa nje. Hata changu. Hata cha baba yako. Miaka yote nimeviona na sikuvitazama, nilikuwa namtafuta mmoja.

Kinyozi nilimweleza yote. Akasema, "Mama, na huyu wa kwangu ana mama yake mahali." Sikuwa nimelifikiria hilo. Amehamia, anatulipa kodi kama mpangaji yeyote, na anatikisa mguu mpaka kitanda kinalia. Viatu vya Ngongoti nimevirudisha chini ya kitanda kile kile, kasema havimsumbui, havimtoshi hata akiweka miguu yote miwili katika kimoja.

Sasa nina maswali mawili, na safari hii usinipe hotuba.

La kwanza. Mlimbana mpaka kitu kikakatika, najua, ndiyo kazi ya mashine. Nini kilikatika?

La pili. Siku ile ulipomweka pale, ulimsalimia? Au alipita tu kama kitu?

Shangazi yako

10 Septemba

Shikamoo Shangazi,

Namshukuru Kinyozi, na msalimie. Mwambie nitakuja kunyoa.

Kilichokatika ni uzi. Tulipozifunga pembe kwa uzi peke yake, uzi ulilegea, kisha ukakatika, na karatasi ikatoka na doa jekundu. Tulipoziacha na mfupa wake, alikaa. Tulibana kutwa nzima. Rangi ilitoka pana na hafifu, karibu kama ya goti ambalo halijaguswa. Daktari wa upasuaji alikuja kuzitazama zile karatasi, akazishika kwenye mwanga muda mrefu, akasema inabidi afikirie upya anavyofunga. Sijui kama atabadilisha. Kwa goti moja hawabadilishi. Lakini kipande chake kilitoka kizima, Shangazi. Nilikikagua mwenyewe kwa kioo cha kukuzia, hakina mpasuko.

La pili nilitaka kulikwepa, na umenikataza.

Mashine yetu imetengenezwa kwa miguu ya watu wa kawaida. Ya Ngongoti haikuingia. Nilipandisha kichwa cha mashine hadi mwisho wake na bado mfupa wa juu ukawa unagonga chuma. Ikabidi nimlaze kidogo, nimshike kwa mikono miwili, nimwingize taratibu kwa ubavu. Mkuu wa maabara alikuwa nyuma yangu, na wenzangu wawili wamesimama na karatasi zao. Sikupanga kusema kitu. Nilisikia tu sauti inatoka, kubwa, ya kwako kabisa, chumba kizima wakageuka:

"Inama, Ngongoti! Inama, mlango!"

Na safari hii, Shangazi, hakugonga.

Mwanao